Nilitazama Ukuta, Shemeji Ndiye Anayelaumiwa

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana moyo wangu hauna raha na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Mimi ni mama wa binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, na nafanya kazi kwenye kiwanda kinachotengeneza diski za katuni za Kijapani, zile wanazoziita anime, za watu kununua na kutazama nyumbani. Kazi yangu ni ukaguzi, na kwa sababu ya miwani wenzangu wananiita Macho Manne. Katika kila diski mia tano natoa moja, naitazama mwanzo, katikati na dakika kumi za mwisho, halafu natia sahihi na kuifungia kabatini kama sampuli. Hizo dakika za mwisho ndizo muhimu, kwa sababu diski husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na gundi inayobandika pande zake mbili isiposhika vizuri ukingoni, mwisho wa hadithi ndio unaoharibika.

Sasa Shangazi, usinicheke. Kuna hadithi moja ya msichana fundi saa anayemtafuta kaka yake, iko katika diski nne, na mimi na binti yangu tumetazama tatu, Jumapili baada ya Jumapili, tumelia na tumecheka, tukawekeana ahadi kwamba hakuna atakayemtangulia mwenzake kuujua mwisho, na ghafla hiyo diski ya nne ikaja kutengenezwa kwetu, ikafika mezani kwangu, na zilipofika zile dakika kumi nikavua hedifoni, nikageuza kiti, nikatazama ukuta. Sampuli nane, mara nane, na kila mara nikatia sahihi kwamba nimeona.

Mzigo ukaenda madukani, ukaanza kurudi. Picha inaganda karibu kabisa na mwisho. Wakubwa wakafungua fomu zangu, wakaona sampuli zote nane ni nzima, wakasema basi fundi wa mashine ya gundi aliichezea baada ya sampuli kutolewa. Fundi huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na ndiye aliyeniombea kazi hii. Amesimamishwa, Alhamisi anaitwa kwenye kikao, na huenda akafukuzwa. Juzi alikuja kwangu, akakaa mpaka chai ikapoa, akaniambia, “Shemeji, wewe hupitwi na kitu. Ukisema zilikuwa nzima, basi zilikuwa nzima. Labda kweli niligusa kitu nikasahau.” Nilitaka kusema, badala yake nikamwongezea sukari.

Jana nilitoa sampuli moja kabatini nikaitia kwenye deki. Inaganda palepale. Nikairudisha, lakini nisikufiche, ufunguo wa kabati ninao mimi peke yangu, na nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nikisema nitafukuzwa mimi, na mtoto huyu ana mimi tu. Je, nikiandika karatasi isiyo na jina nikaipenyeza chini ya mlango wa meneja, haitoshi?

Macho Manne

Macho Manne mwanangu,

Nilianza kwa kucheka, nikaishia kuiweka barua yako chini. Kukwepa mwisho wa hadithi nakuelewa. Mimi nimewahi kumfukuza mgeni sebuleni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini si ungemwomba mkaguzi mwenzako akutazamie zile dakika kumi? Ulitunza ahadi ya mtoto kwa kuwadanganya watu wazima, na aliyebebeshwa mzigo ni mwingine.

Tena kinachonikera zaidi si ukuta. Ni ile sukari! Mtu anakaa mbele yako, anaanza kutoiamini mikono yake mwenyewe kwa kuwa anakuamini wewe, nawe unamkorogea chai. Kazi nyingine anaweza kuipata. Lakini akishajishuku namna hiyo, atashika mashine gani tena kwa utulivu?

Karatasi isiyo na jina isahau. Wa kwanza kushukiwa kuiandika atakuwa shemeji yako. Na hilo kabati liache kama lilivyo. Ukitoa hata diski moja, mimi na wewe hatujuani.

Leo hii nenda kwa dada yako na mumewe, useme mwenyewe, na usimfanye binti yako ngao. Dada atakufokea. Kaa ufokewe. Kesho asubuhi mpelekee meneja maelezo yenye jina lako, mkabidhi ufunguo, uombe sampuli zote nane zitazamwe kikaoni mpaka mwisho. Gundi ilikuwa na shida gani, hilo watalitafuta mafundi. Wewe waonyeshe tu kwamba shida ilikuwepo kabla ya sahihi yako. Unaweza kufukuzwa, sitakudanganya, kwa hiyo anza kuulizia kazi sasa. Na binti mwambie kabla hajayasikia kwa binamu zake.

Jambo moja tu la kuangalia. Ukifika mbele ya shemeji yako usianze na machozi wala kuomba msamaha, maana mtu wa aina yake ataacha yake yote akubembeleze wewe. Mwambie, “Shemeji, mimi sikutazama.” Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kukasirika.