Namba Moja ya Simu kwa Mtaa Mzima

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Barua pepe yako imefika kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa. Umemwandikia "Katibu Msaidizi", ukiomba cheti cha kuthibitisha kwamba wewe ni mshirika kamili hapa Chang'ombe ya Dodoma, kwa kuwa mchungaji wa huko Dar es Salaam hawezi kutangaza ndoa yako bila cheti hicho. Hukuuliza hali ya mtu yeyote. Labda ulidhani katibu msaidizi ni mwingine siku hizi. Ni mimi bado. Nakujibu mbele ya watu, kwa barua ya wazi, kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi.

Unaikumbuka kompyuta ya zamani? Ilikaa kwenye chumba cha kuvalia majoho, tumeifunika kitenge ili vumbi la Julai lisiiue. Kioo cheusi, herufi za kijani, na printa iliyonguruma kama mashine ya kusaga mpaka wanakwaya wakaja kulalamika. Ilikuwa inachosha, sikatai. Lakini humo kila mtu alikuwa na namba yake ya ushirika, mzee na mtoto, na hakuna aliyekaa juu ya mwenzake.

Ukaja wewe kutoka chuoni, dayosisi ikakupa kompyuta mpya na kazi ya kuhamishia majina yote mtandaoni. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikaa chumba kile, wewe ukielekeza, mimi nikichapa. Laini ya simu ya mezani iliyotuletea mtandao ilikatika, tukacheka, tukaanza upya. Ulikuwa na tabia ya kupuliza vumbi kwenye vitufe kabla sijaweka vidole. Nilikupenda kwa kitu kidogo kama hicho.

Mfumo mpya haukutaka namba za zamani. Ulitaka kila mtu atambulike kwa namba yake ya simu. Na mtaani kwetu simu ya mkononi ilikuwa moja, ya mama yako, pale dukani. Mtu akipigiwa, mama yako alimtuma mteja akamwite.

Bibi yangu alipokuja kuandikishwa alikuletea karanga za kuchemsha. Yeye ndiye aliyekushika siku ya ubatizo wako, halafu uliponichumbia akaanza kukuita mume wake, kama bibi wanavyowatania wachumba wa wajukuu zao.

"Mume wangu, umeniandika?"

"Nakuandika sasa hivi, mke wangu. Hata Ulaya wakitaka kukuona watakuona."

"Ulaya wananitakia nini? Wewe niandike hapa hapa Chang'ombe."

"Haya. Namba ya simu?"

"Weka ya mama yako. Si ndiyo yetu sote?"

Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Mimi nikakuuliza, na ninayakumbuka maneno yangu: "Lakini namba hii tumeshaiweka kwa watu wengine. Haitawachanganya?" Ukanifinya shavu. "Msomi wangu, wewe chapa tu. Mfumo utajua wenyewe."

Kazi ilipokwisha dayosisi ikakusifu kanisani. Ulifuta majina yote kwenye ile kompyuta ya zamani, ukaipeleka karakana moja kule Kizota, vijana wakaipasua wachukue walichotaka. Nilipouliza kama tusingeibakiza kwanza, ulisema tumeshahama, mzigo wa nini. Kadi za karatasi tulikuwa hatuna, mchwa walizimaliza zamani. Kisha wakakuita Dar es Salaam ukafanye kazi hiyo hiyo kwa makanisa mengine. Bibi alikufungia karanga za safari. Ulituahidi kurudi Krismasi.

Hukurudi. Hilo nilijifunza kulibeba.

Bibi akafariki wakati wa kiangazi. Tulikuwa na mchungaji mgeni, hajajua nyuso, na ameagizwa na wakubwa zake asimwingize mtu kanisani kwa maziko kama hayumo kwenye mfumo. Akamtafuta. Hayumo.

"Mchungaji, huyu mama amebatizwa Gulwe tangu msichana," mzee wa kanisa akamwambia. "Benchi la pili pale ni lake. Muulize yeyote."

"Mzee wangu, mimi naenda na kilichopo."

Nikaufungua mfumo mwenyewe, nikatafuta kwa namba ya mama yako. Alikuwamo mtu mmoja tu: Neema, mtoto mchanga wa jirani, tuliyemwandika mwisho. Kila jina tuliloliingiza kwa namba ile lilikuwa limefuta lililotangulia. Mtaa mzima uligeuka kitoto kimoja tulichokiandika hata jino hakijaota.

Nikakupigia kwa simu ile ile ya dukani, mama yako amesimama kando yangu analia. Uliniambia hilo si tatizo la mfumo, ni tatizo la watu, kila mtu angetumia namba yake. Halafu ukasema uko kikaoni.

Tulimzika kutoka nyumbani. Kengele haikupigwa. Wanawake wa jumuiya waliimba uani, wakaimba kwa hasira, na mama yako ndiye aliyeanzisha kila wimbo.

Baada ya kilio kile mchungaji alilainika. Akaweka utaratibu: aliyepotea kwenye mfumo aje mwenyewe, asimame mbele ya wazee na mashahidi wawili waliokuwapo siku ya ubatizo wake, ndipo aandikwe upya. Wengi wamekwisha kurudi hivyo. Bibi hawezi kurudi. Niliomba aandikwe hata sasa, dayosisi wakajibu kwamba mfumo unapokea walio hai.

Sasa kuhusu cheti chako. Nimekutafuta kwenye mfumo, na wewe pia humo. Ulikuwa wa kwanza kuandikwa, ulijiweka mwenyewe kutuonyesha mfano, kwa namba ya mama yako. Kukuandika ni kazi ya dakika chache, na nisingekunyima. Sijawa mtu wa namna hiyo, ingawa nimejaribu.

Lakini utaratibu ni mmoja kwa wote. Njoo Dodoma, usimame mbele ya wazee. Waliokuwapo siku ulipobatizwa tumewatafuta, ni wawili tu. Mmoja ni mama yako, na atakuja ukimwomba vizuri. Wa pili ndiye aliyekushika.

Msalimie mchumba wako mpya. Mwambie aandikwe kwa namba yake mwenyewe.

Ni mimi,
mjukuu wa mke wako.