Matawi Niliyoyafanya Kuni

Chebet, mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Litein tuko salama, ila ng'ombe wako amejifunza kufungua geti na haagi mtu.

Unauliza kama mlima ukilipuka ng'ambo ya bahari unaweza kudhuru chai yetu. Niulize mimi.

Nikiwa bibi arusi, redio ilisema mlima wa mbali umerusha gesi juu kuliko mawingu, mahali mvua haiwezi kuiosha. Mwaka ule jua letu lilitua jekundu na mchana halikuchoma. Tulikuwa tumepogoa chai, na desturi ni kufunika visiki kwa matawi yaliyokatwa, jua lisivichome.

"Jua gani, mama?" nilimwambia mama mkwe. "Hili limechoka." Nikabeba matawi yangu yote jikoni.

"Haya, msomi wa redio," akasema. "Lakini shamba linalotulisha ni hilo moja." Akafunika mistari yake.

Visiki vilipoanza kuchipua, jioni moja anga ikawa wazi, upepo ukatulia, vidole vikaanza kuniuma. Ndipo nikaelewa: jua likidhoofika, baridi hupata nguvu. Matawi yalishakuwa majivu. Nilikimbia na magunia, blanketi, hata gauni la harusi. Vyote havikutosha hata nusu ya mistari.

Asubuhi umande ulikuwa umeganda. Kufikia saa nne machipukizi yangu yalikuwa meusi. Yake, chini ya matawi, yalikuwa mabichi.

Siapi kwamba ni mlima peke yake. Lakini tangu siku hiyo nafunika kila kisiki, na kuni nanunua sokoni.

Kogo wako