Shamba la Mama Godelieve

Musonoi, tarehe 9 Machi

Kwako dada yangu, yaya Fidélie,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Lucien. Natumaini kifua chake kimepoa, na mvua za Lubudi hazijawatesa. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Mignonne anakusalimia.

Barua yako ilifika. Umeuliza kama ni kweli mama Godelieve, yule mjane aliyejiunga na kwaya yenu, alinyang'anywa shamba hapa kwa sababu ya uvivu. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka viwavi vilivyomaliza mahindi mwaka juzi. Baada ya njaa ile, komite ya mashamba iliweka sheria: kila mwenye shamba akague mistari yake mara mbili kwa juma, aponde viwavi kwa mkono, ang'oe mashina yaliyoliwa na kuyachoma. Atakayezembea, shamba linachukuliwa.

Mwezi wa kwanza vikarudi. Komite ilipopita, ilikuta shamba la mama Godelieve limejaa viwavi, na mashamba sita ya karibu yameanza kuliwa. Mama aliapa kwamba alikuwa anaponda kila siku, lakini vinazidi kuja, hajui vinatoka wapi. Tata Ngoy, mkubwa wa komite, akaniuliza mimi jirani yake. Nikajibu kwamba sijamwona shambani majuma matatu.

Yaya, mi ndiye sikuwa shambani. Nilikuwa kule kwenye mgodi wa Mashamba nachimba kobalti. Niliporudi, mahindi ya shamba alilotuachia baba yalikuwa viwavi vitupu. Niliyakata yote, nikayachoma, nikawaambia watu nimeyauza mabichi. Vilikuwa vimeshavuka kwa mama Godelieve. Siku tatu baadaye ndipo komite ikapita, na kwangu hawakukuta kitu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa tata Ngoy nikamwambia kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Elisée, ile mambo ilishaisha. Shamba tulishaigawa." Nusu yake nimepanda maharagwe mimi. Nusu nyingine analima mke wa tata Ngoy.

Nimeshawaachia komite ile nusu yangu. Wameichukua, wamempa mtu mwingine.

Msomee mama Godelieve barua hii, mbele ya kwaya nzima kama atapenda. Akikataa kunisamehe, usimsihi.

Wape batoto salamu zangu, na shemeji apone.

Mdogo wako,
Elisée Kabongo