Jiwe Lililokunywa Maji

Jumatatu, 4 Machi

Nimechomelea kibomba cha dhahabu, hakizidi njiti ya kiberiti. Ndani: unga wa mawe ya mlima wa kule kwa dada, na maji ya kuzidi mahitaji. Kimeingia kwenye tanuri la mgandamizo. Swali ni moja tu: magma, lile jiwe lililoyeyuka ndani ya mlima, iko karibu na juu, au iko chini sana? Jiwe lililoyeyuka likibanwa sana hunywa maji mengi. Likilegezwa, maji yanatoka kama mapovu — na mapovu ndiyo yanayopasua mlima. Majivu yaliyotemwa na mlima juzi yana vipande vya kioo, maji yaliyomo tumeshayapima. Sasa nimelibana jiwe kama vile liko karibu na juu. Likinywa maji kama ya majivu, basi karibu ndiko ilikotoka, na dada na majirani wahame.

Shemeji keshapakia vyombo kwenye lori. Dada kazi yake kumlilia ng'ombe wake mwenye mimba. Eti nimlaze wapi, sebuleni kwako?

Alhamisi, 7 Machi

Kioo kimetoka! Cheusi, kinang'aa. Maji kidogo, hata nusu ya yale ya majivu hayafiki. Yaani magma ilibanwa zaidi ya hapo — iko chini kabisa. Sikungoja mtu. Nimempigia dada: kaeni. Kapiga vigelegele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Nimefurahi, jamani.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa hana salamu asubuhi. Kaangalia kioo, kauliza kibomba kilikuwa na uzito gani kilipotoka tanurini. Uzito! Nilikitoboa kabla ya kukipima. Haraka haraka haina baraka. Na sasa nakumbuka: nilipotoboa halikutoka hata tone, na maji ya ziada yalitakiwa yachuruzike. Kilivuja. Jiwe halikukataa maji, halikupewa! Aibu ninayo, hofu zaidi. Nimeingiza kibomba kingine. Simu ya dada haipatikani. Nimemwandikia: msitegemee nililosema jana.

Jumatatu, 11 Machi

Safari hii nimepima kwanza. Uzito uleule wa kabla ya tanuri. Nimetoboa — maji yamechuruzika. Na kioo kina maji sawasawa na majivu. Iko karibu. Profesa yuko chumba cha pili, anawafokea watu wa kamati ya maafa kwenye simu.

Dada kapokea mara ya tatu. Simu haikuwa na chaji, ujumbe hajauona. Nimemwambia tokeni sasa hivi. Akanijibu: si wewe uliyesema tukae? Vyombo vimerudi ndani, shemeji kaondoka na lori. Na huyu ng'ombe kaanza kuzaa, mdogo wangu, miguu ya ndama imeshatoka. Nikamwambia mwache. Kaniambia sina huruma. Nikamfokea — dada yangu mkubwa! Naye: usikate, ngoja nimvute. Kaweka simu chini.

Basi nimeishika yangu sikioni. Naandika kwa mkono mmoja nisije nikalia. Namsikia anabembeleza: sukuma, mama, sukuma. Namwita, hanisikii.