Mguu wa Kushoto wa Asali

Alhamisi, 13 Septemba 1973. Arua.

Nimetoka zamu. Wodini wamezaliwa watatu, wote walilia kama inavyotakiwa. Nyumbani nimemwogesha Asali na kumpaka mafuta ya simsim. Mkia umejikunja vizuri, kama ngata ya kubebea mtungi. Ana mwaka mmoja na nusu. Mbwa wa namna hii ni wadogo, masikio wima, na hawabweki. Bibi yangu aliwafuga kule Aroi kwa kuwindia, kisha mama, sasa mimi. Majirani wanauliza mbwa asiyebweka ni wa nini. Nami nauliza jirani asiyenyamaza ni wa nini.

Jumamosi, 15 Septemba.

Maonyesho ya kilimo. Baada ya ng'ombe na mihogo, mbwa. Tulibaki wawili: mimi, na Juma, mwindaji Mnubi kutoka Ludara, na dume wake Afande. Mwamuzi alikuwa daktari wa mifugo, mgeni huku. Akasema hawa ni mabubu, labda wagonjwa. Anataka kusikia sauti. Sauti wanayo, ila huitoa wapendapo wenyewe.

Nilimkanyaga Asali mguu wa kushoto. Kwa kiatu cheupe cha wodini. Akatoa ule mlio wao mrefu, kama mtu anayeanza wimbo akauacha. Kikombe nimepewa mimi. Juma alikitazama kiatu changu, hakunitazama usoni.

Kidole chake kimoja kimevunjika. Nimekifunga bandeji. Naona aibu. Lakini kikombe ni kizuri.

Jumatatu, 4 Desemba 1978.

Nimelikuta daftari hili chini ya sanduku la nguo. Basi naendelea.

Asali ameingia joto. Mbwa hawa huingia mara moja tu kwa mwaka. Anakaribia miaka saba. Ugonjwa wa mwaka jana uliua wanawe wote, na madume wote niliowategemea mjini. Akikosa safari hii, mbwa wa bibi wamekwisha. Mlangoni wamejaa mbwa wa kambi ya askari, wakubwa, wanabweka kutwa. Nimewamwagia maji.

Dume safi ninayemjua amebaki mmoja. Wa Juma. Miaka mitano hatujasalimiana.

Jumatano, 13 Desemba. Ludara.

Lori la tumbaku hadi Koboko, Asali kikapuni mapajani. Vizuizi vitatu. Askari wa kizuizi cha pili aliuliza kama ni chakula. Nikasema amezeeka, hataiva.

Juma yuko vilevile. Afande naye anazeeka, na tangu askari wajae barabarani, kwa busara, anaitwa Yule. Juma hamgusi mbwa kwa mkono. Dini yake. Humwongoza kwa fimbo na kwa njuga ya mti iliyofungwa shingoni mwa mbwa. Mbwa akimlowesha hunawa mara saba, ya kwanza kwa udongo. Hata hivyo anawajua kuliko mimi. Alimwangalia Asali akitembea, hatua chache tu.

"Mama, mimi hapana taka kikombe. Sema tu. Ulikanyaga yeye?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikasema ndiyo.

"Basi. Leta yeye hapa. Mutoto moja iko yangu."

Njiani kurudi nimelia kidogo. Kwa aibu, si kwa furaha.

Alhamisi, 15 Februari 1979. Arua.

Asali amezaa watoto wanne. Mmoja hakupumua. Nilimsugua, nikampulizia, kama tunavyofanya wodini. Bure. Wazima watatu, majike wawili. Redio ni vita tu. Nimeizima.

Jumapili, 27 Mei.

Mji unahama. Jirani zangu wamevukia Zaire, ndiko karibu. Mimi nakwenda Ludara kwa miguu. Wameniambia nina wazimu. Huenda. Lakini mtoto mmoja ni wa Juma, na ahadi ni deni. Watoto kikapuni, Asali kwa kamba. Kikombe nimekiacha rafuni. Hakiliwi.

Jumanne, 29 Mei.

Tulijificha kwenye shamba la muhogo, mchana, watu kama ishirini. Barabarani wakipita wenye bunduki. Wa upande gani, sijui. Mwanamume mmoja alikuwa amemnyonga mbwa wake asubuhi kwa sababu ya kubweka. Wote wakakitazama kikapu changu. Nikasema hawa hawabweki. Hawakuniamini.

Mzee aliyechuchumaa kando yangu akaninong'oneza: "Mama, kama hiyo nalia, sisi yote nakufa."

Risasi ikalia karibu. Tukarudi nyuma kwa pamoja, nikakanyaga. Mguu uleule. Nilikisikia kidole kilichopinda chini ya soli. Asali akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

Walipita. Mzee alimwomba Asali radhi, kwa Kilugbara.

Ijumaa, 8 Juni. Upande wa Sudani.

Nilimkuta Juma bado kwake, anafunga mizigo. Tumevuka pamoja. Yule alifia njiani, uzee. Juma alimzika na njuga yake. Kati ya watoto amechagua jike dogo kuliko wote. Ndiye ambaye ningemchagua mimi.

Leo mvua imenyesha. Asali ameloa chapa, anachechemea. Juma aliuliza amepata nini. Nikamweleza shamba la muhogo, yote, na mguu. Akachuchumaa, akaushika ule mguu kwa mkono mtupu, akabonyeza kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Haiko mbaya," akasema.

Maji hapa ni ya kupanga foleni. Debe moja nililokuwa nalo nimelileta. Alijisugua udongo kwanza, kisha nikammiminia mpaka zikatimia saba. Yaliyobaki amekunywa Asali.