Picha ya Siku ya Kuchoma Pilipili

Sevlievo, 3 Oktoba

Mwanangu Zornitsa,

Hujambo huko Zaragoza? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka sabini na mbili. Paka mzima. Jirani yetu Zdravka ni mzima kupita kiasi, jana kapanda ngazi mara tatu kuniuliza kama nimekula.

Sasa sikia. Ile programu ya kutengeneza picha uliyoniwekea Agosti, njoo uitoe. Zamani nikifungua folda naziona picha zote zimejipanga, ndogo ndogo, naitambua kila moja kwa sura. Siku hizi zote zimevaa nembo moja, duara la zambarau. Picha elfu moja na mia nne, zote duara la zambarau! Nikibofya moja, kompyuta inaguna, skrini inakuwa nyeusi, naenda kuchemsha kahawa, nakunywa, narudi, ndiyo kwanza inaniuliza kama nataka kujiandikisha. Sitaki kujiandikisha. Nataka kumwona mke wangu.

Unajua tarehe 9 Novemba mama yako anatimiza mwaka kaburini. Karatasi yake ya mwaka, lile tangazo la kumkumbuka lenye uso wake, lazima iwe imebandikwa mlangoni kwetu, kanisani na pale kituo cha basi, kama ya marehemu mwingine yeyote. Na uso wa kuweka ni mmoja tu, ule wa siku ya kuchoma pilipili hoho za akiba ya baridi, anapocheka. Kwenye karatasi ya siku arobaini tuliweka picha ya kitambulisho, akaonekana kama mtu aliyekamatwa. Mpaka leo naona aibu.

Nawe kila ukipiga simu unaitaka picha hiyohiyo. Nitakutumiaje kitu nisichokiona?

Baba yako,
Gencho


Zaragoza, 5 Oktoba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, uchovu tu. Hoteli imejaa na sisi wa kufua mashuka tumebaki watatu. Goti lipake ile dawa, usiiache kabatini kama pambo.

Samahani, kosa ni langu. Wakati naiweka, programu ile iliuliza kama iwe ndiyo inayofungua picha zote, na visanduku vyote vilikuwa vimeshawekwa tiki. Nilikuwa nimechoka, basi langu linaondoka alfajiri, nikabonyeza endelea, endelea, endelea. Picha hazijaharibika. Imejifanya mlinzi wa mlango tu, kila picha lazima ipitie kwake.

Fanya hivi. Bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua "Fungua kwa kutumia". Itakuja orodha, chagua programu yako ya zamani ya kutazamia picha, halafu weka tiki palipoandikwa "Kila mara". Basi.

Na ukiiona ya pilipili, nitumie kabla hujaifanya lolote. Nakuomba sana, Baba. Miaka sita mimi na mama hatukusemezana, kisa nimeacha ualimu nikaja huku ugenini kufua. Siku ile akanilisha pilipili kwa mkono wake, akacheka, yakaisha. Miezi miwili baadaye hayupo. Sina picha nyingine ya ukubwani nikiwa naye. Zdravka ndiye aliyetupiga picha, na ile simu yake alishaibadilisha. Iko kwako peke yako.

Mwanao,
Zornitsa


Sevlievo, 6 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti vilevile. Dawa inanuka.

Nimefuata maneno yako. Kitufe cha kulia, orodha ikaja. Programu yangu ya zamani sikuiona. Kulikuwa na majina kama kumi ya kigeni, na moja ninalolijua, ile ninayoandikia matangazo ya kamati ya jengo. Nikasema, hii ni ya zamani, tena ni yangu, haijawahi kunisumbua. Nikaichagua. Tiki ya kila mara nikaweka, kama ulivyoagiza.

Zornitsa, sasa picha zinafunguka haraka, sikatai. Zinafunguka maandishi! Visanduku, alama za kuuliza, herufi zenye vichwa viwili. Shangazi yako Tsonka siku ya harusi yake amekuwa kurasa mia mbili na kumi. Nikamwita Zdravka aone. Akapiga ishara ya msalaba, akaniambia nimwite padri.

Nifanyeje? Usinipigie. Kwenye simu unakimbia, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, bila kuelewa. Andika barua pepe, kama hivi.

Baba yako,
Gencho


Zaragoza, 9 Oktoba

Baba, shikamoo. Natumaini u mzima, maana mimi kichwa kinaniuma.

Umeiambia programu ya maandishi ifungue picha? Nilicheka wakati wa mapumziko, halafu nikataka kulia. Baba, picha zipo, hazijageuka herufi. Acha kumwita kila mtu aje kushuhudia.

Chukua kalamu uandike. Fungua Mipangilio. Ingia Programu. Ingia "Programu chaguo-msingi", maana yake zile zinazofungua mafaili bila kuulizwa. Tafuta palipoandikwa "Kitazama picha", bofya, chagua ile yako ya zamani. Usichague usichokijua. Na unachokijua usikichague kama hakina neno "picha".

Halafu, Baba, usikate uso wa mama. Nasema tena, usikate. Nitumie picha nzima, nitaukata huku na kuurudisha kwako ukiwa tayari.

Mwanao,
Zornitsa


Sevlievo, 12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba! Hujambo? Mimi leo mzima hata goti!

Wamerudi. Tsonka na shela lake, babu yako na yule punda, wewe darasa la kwanza bila meno. Nimekaa nao asubuhi nzima, paka kasahaulika chakula.

Zimebaki zile zilizotoka kwenye simu, kama arobaini hivi. Eti ni aina nyingine ya faili, zenyewe bado zina duara la zambarau. Ya pilipili imo humo. Kesho nitazipitia moja moja, kahawa ninayo.

Baba yako,
Gencho


Zaragoza, 20 Oktoba

Baba, shikamoo. Mzima? Siku nane kimya, na simu hupokei.

Za simu usizifungue kwenye ile ya zambarau. Kila aina ya faili inataka iambiwe peke yake, hilo nililisahau, nisamehe. Rudi palepale kwenye Mipangilio, shuka chini mpaka orodha ya aina za mafaili. Au acha tu, ziambatanishe zote arobaini bila kuzifungua unitumie, nitaitafuta mwenyewe.

Mwanao,
Zornitsa


Sevlievo, 2 Novemba

Zornitsa mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima.

Barua yako ya tarehe 20 niliisoma siku ileile, nikashindwa kuijibu, kwa sababu jambo lilikuwa limeshatokea tarehe 13. Picha ya pilipili ilikuwa ya thelathini na moja. Ilipofunguka kwenye ile skrini nyeusi nilisimama wima. Mama yako anacheka, ana masizi shavuni. Nikaona pembeni kile kialama cha kukatia, nikasema, wacha nikate uso hapahapa kabla zimwi hili halijabadili mawazo.

Unajua hapa kwetu uso wa karatasi siku zote hukatwa kwenye picha ya watu wengi. Wa mama yangu niliukata kwa mkasi kwenye picha ya harusi ya Tsonka, na hakuna aliyelia, kwa kuwa mpiga picha alikuwa na filamu yake dukani, akatuchapia nyingine. Nikakata hivyohivyo. Wakati wa kufunga ikauliza, nihifadhi mabadiliko? Nikiandika barua ikiniuliza hivyo nasema ndiyo. Nikasema ndiyo.

Nilipoifungua tena, meza haipo, jiko la pilipili halipo, wewe hupo. Nimepeleka kompyuta kwa fundi mjini, kakaa nayo siku nne. Kasema mpya imeandikwa juu ya ile ya kwanza, chini hakuna kitu.

Ulinionya kwa maandishi, nilivyotaka mwenyewe. Sina la kujitetea. Niandikie hata matusi.

Baba yako,
Gencho


Sevlievo, 10 Novemba

Zornitsa,

Hujambo, binti yangu? Sijui kama unazisoma hizi. Mimi nipo.

Karatasi tumezibandika jana. Mlangoni, kanisani, kituoni. Mvua haikunyesha. Zdravka alichemsha ngano ya sukari ya kumkumbuka marehemu, tukagawa makaburini.

Zdravka alipoiona karatasi alikunja uso. Kwenye bega la kushoto la mama yako kuna vidole vinne. Ni vyako. Nilijaribu kuviacha nje, lakini ukivikata unakata na bega, anaonekana kama anaanguka. Zdravka kasema haifai, marehemu hashikwi na mkono wa aliye hai kwenye karatasi ya mwaka, nivifute, si programu ninayo? Nikamwambia programu ile haitagusa kitu tena nyumbani kwangu. Mzee mmoja pale kituoni naye akauliza mkono wa nani. Nikamjibu, wa binti yake.

Moja nimekutumia kwa posta, ndani ya bahasha, na kadibodi isijikunje. Haina cha kubofya.

Baba yako,
Gencho


Zaragoza, 24 Novemba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako ya tarehe 2 niliisoma kazini, nikaitupa simu kwenye rundo la mashuka, nikaenda kukaa chooni mpaka msimamizi akaja kugonga. Wiki tatu nimekuandikia majibu ambayo mtoto hawezi kumpelekea baba yake, nikayafuta. Bado nina hasira, Baba, nisiseme uongo. Na wewe, na mimi mwenyewe, na vile visanduku vya tiki.

Bahasha imefika Jumatano. Vidole vina masizi hata kwenye kucha. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimshika.

Nimeibandika mlangoni kwangu, upande wa nje, kwa utepe. Huku hakuna anayefanya hivyo. Mwenye nyumba kapanda kuniuliza nani kafa humu, eti wapangaji wanaogopa kupita, niibandue leo. Nikamwambia ni mama yangu, na huo mkono ni wangu, na haibanduki.

Mwanao,
Zornitsa