Mikono Yako Haikuharibu Kichwa cha Lemayian

Yeyo,

Mama yangu, nimekasirika. Wanasema marehemu haandikiwi kwa hasira, lakini ni nani mwingine nimwandikie?

Nimejifungua hapa Kitengela. Ni mvulana, na kichwa chake ni kile kile cha ndugu yangu Lemayian: chembamba, kirefu kwenda kisogoni, na tuta la mfupa katikati ya utosi. Koko, mama yake baba, alikuja kutoka Kajiado na kibuyu cha maziwa. Akafunua blanketi. Hata salamu hakumaliza.

"Umefanya kama mama yako. Hiyo mikono yenu inaharibu watoto."

Yeyo! Ni lawama ile ile aliyokupa wewe mbele ya wanawake, Lemayian alipozaliwa: "Ulikuwa unamlaza aje? Kwani hukumkanda kichwa?" Kesho yake ukaanza. Kila asubuhi kitambaa cha maji moto, mafuta ya kondoo, viganja vyako viwili vikikibembeleza kichwa kiwe duara. Lemayian akilia, na wewe ukilia kumshinda. Jirani akikuomba umshikie mtoto achote maji, ulikuwa unaficha mikono ndani ya shuka na kusema, "Mpe mwingine." Ulikaa hivyo mpaka malaria ikakuchukua, mwaka ule wa mvua ya El Niño.

Koko alipoondoka nilimbeba mtoto kwa daktari. Alipitisha kidole juu ya lile tuta, polepole, na wala hakuniuliza namlaza vipi. Alisema mifupa ya kichwa cha mtoto huwa vipande vilivyoachana kidogo. Ubongo ukikua huisukuma, nayo hufuata. Kwa mtoto wangu maungio ya katikati yalijifunga mapema, akiwa bado tumboni. Ubongo haukukataa kukua. Ulinyimwa njia ya pembeni, ukaenda mbele na nyuma. Ni kama kibuyu kilichofungwa kamba kikiwa kichanga.

Tumboni, Yeyo! Kabla hujamgusa! Na mafuta yote yale ya kondoo hayangefungua mfupa uliokwisha kushikana.

Akaniuliza, "Kwenu kuna mwingine mwenye hiki kichwa?" Akaeleza kwamba jambo hili linaweza kutembea katika damu ya ukoo, likamruka mmoja likamshika mwingine. Nikamtaja Lemayian. Halafu nikakumbuka siku tuliyokuzika.

Tulinyolewa wote, kama desturi. Koko, ambaye tangu aokoke havui kitambaa cha kichwani mbele ya watu, alikivua siku hiyo. Wembe ulipopita niliona kichwa chembamba, kirefu kwenda kisogoni, na tuta katikati. Nilikuwa na machozi, nikadhani ni uzee tu.

Ni chake, Yeyo! Kimetoka kwake, kikapita kwa baba, kikafika kwa Lemayian, sasa kiko kwa mwanangu. Kila alipojinyoa alikigusa kwa vidole vyake, halafu akaja kukulaumu wewe uliyeolewa tu katika ukoo huo. Alijua? Hakujua? Simwelewi, na kwa sasa sitaki kumwelewa. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikushindisha na aibu ambayo haikuwa yako mpaka ukaingia nayo kaburini.

Lemayian ni mzima. Anauza ng'ombe sokoni Kajiado, na akili zake zinawatoa jasho wenye vichwa vya duara. Mtoto wangu atapasuliwa Nairobi ili ubongo upate nafasi. Naogopa. Ungekuwepo ningekupa umshike mpaka waje kumchukua.

Lakini kwanza tutamnyoa na kumpa jina, na Koko atakuja. Nakuahidi sitamtukana. Nitamwomba avue kitambaa, mbele ya wanawake wale wale waliokusikia ukilaumiwa. Nitaushika mkono wake niuweke juu ya kichwa cha mtoto, kisha juu ya kichwa chake mwenyewe. Baada ya hapo asemaye na aseme.

Lala salama, Yeyo. Toa mikono ndani ya shuka.

Binti yako,
Naserian